Walikaa Mpaka Mwisho

Mwanangu wa kiume hawezi kukaa kimya, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Tangu aanze kusema hajanyamaza, hata usingizini anaongea, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Redio na mimi nimekuwa Mama Redio. Mungu akamjalia kazi inayofanana na ugonjwa wake: ni mtafsiri wa filamu. Anakaa kwenye kiti kirefu pembeni ya pazia, ameshika kipaza sauti kilichofungwa kitambaa ili kisikwaruze, na watu wa kwenye filamu wakifungua midomo kwa lugha zao, yeye anawasemea kwa Kiswahili.

Nasema anawasemea kwa sababu kutafsiri ni neno kubwa. Lugha yenyewe moja anaijua ya kuungaunga, hizo nyingine hata maji ya kunywa hawezi kuomba. Anaitazama filamu peke yake, anasoma nyuso, anashika nani mwema na nani mbaya, halafu watu wakija anatunga. Watu wanajua, na wanakuja kwa ajili hiyo. Akisema jambazi anakimbia kwa sababu amenyolewa vibaya, kinyozi wetu anayekaa benchi la mbele ndiye wa kwanza kucheka.

Ana sauti zake. Wazee wote wana mafua. Matajiri wote wanaongea kama waliobanwa pua. Na wanawake wote, awe malkia au mwizi, wanaongea kwa sauti ya dada yake. Walianza wakiwa wadogo, walipokuwa wakichungulia televisheni ya jirani dirishani. Sauti ilikuwa haiwafikii, basi wakawa wanawasemea wenyewe, yeye wanaume, dada yake wanawake. Dada yake alipokua akaachana na mchezo huo, Redio akazichukua sauti zote mbili. Mtu akisikia "Sikiliza nikwambie" pale ukumbini, anajua ameingia mwanamke, na anajua pia ni nani anayeigwa, maana binti yangu haanzi neno bila hiyo "sikiliza nikwambie" yake.

Binti yangu ni mwalimu wa chekechea. Jumapili hii ninayoisimulia alikuwa mahabusu, na kesho yake asubuhi mashahidi wa upande wake ndio walikuwa wanasikilizwa. Nikisema mashahidi mtu anaweza kudhani walikuwa wengi. Alikuwa mmoja, tena hajakubali.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Wiki wanayotia bluu, mto unakuwa bluu. Wiki ya nyekundu ni afadhali usiutazame. Vitambaa hivyo hivyo ndivyo ninavyoshona kwenye cherehani yangu, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Lakini watoto wa chekechea walianza kuja darasani na vidonda miguuni visivyopona, na mwalimu wao ni binti yangu, na binti yangu si mtu wa kuona kitu akageuza shingo. Yeye na wenzake walikwenda ofisi zote, wakasimama na mabango juani, wakaambiwa suala lao linashughulikiwa. Mwishowe, jioni moja kabla jua halijazama, akajifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye geti kubwa la kiwanda, akasema ufunguo ameutupa mtoni.

Jioni hiyo hiyo chumba cha pampu, upande wa nyuma kabisa wa kiwanda, kikashika moto. Fundi wa pampu aliungua mikono yote miwili. Wenzake binti yangu, waliokuwa na mabango mbali kule barabarani, wakatawanyika, yeye akabaki kwa sababu alikuwa amefungwa. Ukitaka mtu wa kukamata, huyo ndiye rahisi kuliko wote. Polisi waliukata mnyororo wakaondoka naye, na hati ya mashtaka ilipotoka ikasema ufunguo alikuwa nao, alijifungua, akaenda kuwasha, akarudi kujifunga ili aonekane hakubanduka.

Mtu aliyekuwa naye getini jioni ile ni mmoja tu, mlinzi, mzee mpole tunayemwita Mzee Lindo. Wakili alinieleza bila kupaka mafuta. "Mama, bila huyo mzee, tujiandae kwa miaka mingi."

Nilikwenda kwa Mzee Lindo mpaka mkewe akachoka kunikaribisha. Hakunifukuza hata mara moja. Alikuwa akisema tu, "Mama Redio, nikipanda kizimbani nimemwaga unga. Umri huu nani ataniajiri?" Halafu anaongeza, "Lakini nafikiri. Usidhani silifikirii." Nami narudi nyumbani nimeshika hilo neno lake la kufikiri kama mtu aliyeshika uzi mmoja wa shuka inayoondoka na maji.

Filamu ilikuwa ya binti yangu. Aliipata kwa wenzake, akaiweka kwenye flashi, akamsumbua kaka yake mwaka mzima aionyeshe. Ni filamu ya nchi za mbali, ya vijana wanaopigania msitu wao usikatwe, na msichana mmoja anajifunga kwenye mashine ya kuangusha miti. Redio aliitazama akarudi amekunja uso.

"Dada, humu ndani mtu anatazama mti. Anautazama, halafu anaendelea kuutazama. Watu wangu watanipiga mawe."

Lakini dada yake alipokuwa mahabusu, tulipokwenda kumtembelea mara ya mwisho, alishika nondo akamwambia, "Sikiliza nikwambie. Ionyeshe kabla ya kesi yangu. Waache waone tu mtu anakaaje pale. Na usiwaongeleshe. Wao wakinyamaza kwenye filamu, na wewe nyamaza." Redio akaapa mbele yangu. Wazo la kumwalika Mzee Lindo lilikuwa langu. Niliona kwamba yale niliyoshindwa kumwambia kwa maneno, pengine atayaona mwenyewe.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa, maana Redio alitangaza kiingilio ni bure. Pazia ni shuka mbili nyeupe nilizoziunga mwenyewe, na mshono unapita katikati, kwa hiyo kila anayesimama katikati ya filamu ana mstari unaoshuka usoni. Nilikaa benchi la tatu na Mzee Lindo, kofia yake ya lindo magotini. Nyuma walikaa wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu, mbele kinyozi na wenzake.

Filamu ikaanza. Msitu, ukungu, mti. Vijana wanatembea wamebeba mabegi. Wanapumzika. Wanatembea tena.

"Redio," kinyozi aliita, "imeganda?"

"Haijaganda," Redio akajibu kwa upole ambao si wake. "Angalia majani yanacheza."

"Ahsante. Nilidhani macho yangu."

Watu wakacheka kidogo, wakatulia. Msichana akafika kwenye mashine, akajifunga mnyororo kiunoni, akaketi. Akawa ameketi. Mvua ikaanza kunyesha, naye ameketi. Mama muuza mkaa aliyekuwa mbele yetu akamgeukia mwenzake akasema kama ni kutazama mti anao mmoja uani, tena huo una kivuli. Mtu mmoja akaanza kukoroma, na baada ya muda hakuna aliyehangaika kumwamsha. Huko nyuma wafanyakazi walikuwa wakinong'ona kwa ubaya. Nilisikia mmoja akisema, "Hawa ndio wanaotutakia njaa. Mtu anayekaa kutwa nzima kwenye mvua, watoto wake anawalisha nani?" Mwenzake akamwambia hana watoto, ndiyo maana. Nilijua si msichana wa kwenye shuka wanayemsema.

Kila benchi lililolia kwa mtu kuinuka, moyo wangu ulishuka. Ilinijia kwamba watu hawa walimpitisha binti yangu mikononi mwao tangu anatambaa, na hawawezi kumtazama mtu mwingine ameketi kwenye mvua kwa muda wa kunywa chai. Niliwachukia. Nasema wazi, niliwachukia mmoja mmoja kwa majina.

Mtu mmoja tu hakutikisika. Mzee Lindo alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake, macho mbele, kama aliyekaa kazini. Nikamwuliza taratibu kama amechoka.

"Nichoke na nini? Hii ndiyo kazi yangu, Mama Redio. Miaka yote nakaa naangalia kitu kimesimama." Akanionyesha pazia kwa kidole. "Mtu akikaa mbele yako muda mrefu hivi, unamjua. Hata asiposema."

Kwenye filamu, mlinzi wa ile mashine alimsogelea msichana. Nilidhani atampiga. Akavua koti lake la mvua akamfunika nalo, akarudi kusimama mahali pake, akilowa. Ndipo nikasikia pumzi ya Mzee Lindo ikibadilika.

"Mimi nilimpa maji," akasema. "Mnyororo alikuwa ameuzungusha na mikononi, mkono haufiki mdomoni. Nikamshikia kikombe. Akaniambia, sikiliza nikwambie baba, ukiulizwa sema hukuniona, usije ukapoteza kazi." Akajifuta uso kwa kofia. "Yeye amefungwa, ananifikiria mimi."

Niliogopa nikisema neno litamwamsha.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Nitakuja. Nitasema yule mtoto hakubanduka pale. Wakinifukuza wanifukuze."

Filamu ingeishia hapo ningeishona shuka ile kwa dhahabu. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, kiza kilikuwepo.

Lakini kinyozi akasimama. Alijinyoosha mpaka kivuli chake kikamfunika msichana mzima, akasema, "Jamani, mimi nakwenda kuangalia ukuta wangu unavyokauka." Benchi lote la mbele likainuka naye. Mama muuza mkaa akafunga kanga yake vizuri. Nyuma watu walikuwa wameshafika mlangoni, mwanga ukaingia, shuka ikafifia.

Redio alinitazama. Jasho lilikuwa likimtiririka. Yote mawili yalikuwa usoni mwake, dada yake, na ukumbi unaomtoka, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu aanze kazi. Nikamtikisia kichwa asithubutu. Akainua kipaza sauti.

Alianza na mti. Akaupa sauti ya mzee mwenye mafua. "Nimesimama hapa tangu babu yenu hajazaliwa," mti ukasema, "na nyinyi nusu saa tu imewashinda." Watu wakageuka. Mashine ikaujibu mti kwamba yenyewe haiwezi kusimama, inaumwa mgongo. Mti ukauliza huyu binti aliyekaa hapa amekosa nauli au amekosa mchumba. Ukumbi ukacheka wote, mabenchi yakajaa tena, mlango ukafungwa, aliyekuwa akikoroma akaamka akauliza amekosa nini. Redio hakusimama tena. Wale vijana waliokuwa wakitembea kimya wakawa wanagombana nani amebeba begi zito. Mvua ikawa na maneno, koti likawa na maneno.

Nilicheka na mimi. Sijui ilikuwaje, nilikuwa natoka kulia na kicheko kikapita njia ile ile. Nilicheka mpaka nikaona Mzee Lindo amegeuka ananitazama.

Halafu filamu ikaonyesha yule mlinzi wa mashine akiondoka kidogo, akapotea nyuma ya miti. Ikamwonyesha msichana. Ikaonyesha moshi upande wa pili wa msitu, moto, watu wanakimbia, ghala la wakata miti linaungua. Mlinzi akarudi mbio. Msichana yuko vile vile, amefungwa. Filamu haikuonyesha mkono wa mtu wala kiberiti. Baadaye akawa kwenye chumba cha polisi, ofisa anamwuliza, naye hajibu. Uso wake ukajaa shuka yote, mshono umeshuka katikati ya paji mpaka kidevuni, na ukabaki hapo.

"Kawasha nani?" mtu akauliza nyuma.

"Redio, nani kawasha?"

"Usitufiche bwana, nani kawasha?"

Nilizijua zile sekunde. Filamu haikuwa na jibu, na katika kazi ya mwanangu kumwachia mtazamaji swali ni sawa na mimi kumkabidhi mteja gauni lisilo na mikono. Msichana alikuwa bado kimya. Redio akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Sikiliza nikwambie," akasema kwa sauti ya dada yake. "Ufunguo sikuutupa popote. Ulikuwa chini ya ulimi. Mlinzi alipozunguka nyuma nikajifungua, nikaenda, nikawasha, nikarudi, nikajifunga. Alivyorudi akanikuta nimetulia kama bibi harusi. Na ningepewa kiberiti kingine ningewasha tena."

Ukumbi ulilipuka. Waligonga mabenchi, wakapiga miluzi, kinyozi akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu naye. Wafanyakazi wa nyuma nao walipiga makofi, mmoja akapaza sauti, "Si tulisema." Baada ya hapo hakuna aliyeinuka tena. Walikaa mpaka majina ya mwisho yakapita, wakidai Redio awasomee na hayo.

Mzee Lindo alikuwa amevaa kofia yake. Nilimfuata nje, nikamshika mkono ingawa si adabu.

"Kaka, umesikia yale. Ule ni utani. Ndiyo kazi yake, anatunga. Unamjua Redio."

"Namjua."

"Ile lugha haijui hata salamu."

Alitazama fimbo yake. "Mama Redio, nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Jioni ile niliondoka getini. Nilikwenda haja, nikapitia ghalani kukagua makufuli. Lindoni huruhusiwi kuacha geti, kwa hiyo nikanyamaza. Niliporudi nikamkuta kama nilivyomwacha, na moyo wangu haukuwa na neno. Ufunguo sikumwona akiutupa. Aliniambia ameutupa, nikamwamini." Akainua macho. "Redio amejuaje kwamba nilizunguka nyuma?"

"Hajui. Ameona yule mlinzi wa kwenye filamu anaondoka, akasema."

"Yeye ni kaka yake. Alimtembelea pamoja na wewe. Na ameyasema kwa sauti ya dada yake. Nimemsikia, Mama Redio. Nilifumba macho, nikamsikia yeye."

Nilimwambia kila nililoweza kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza, halafu akaniomba radhi akaondoka polepole.

Nilipomweleza Redio, alikuwa anakunja nyaya za spika huku bado akitabasamu kwa makofi. Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Alikimbia na viatu vya ukumbini mpaka nyumbani kwa mzee, akarudi giza linaingia, akaketi kwenye ngazi ya mlango wangu.

"Nimemwambia nilitunga yote. Nimeapa. Nimepiga magoti, mama."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, mwanangu, unadanganya sasa au ulidanganya mchana? Nikamwambia mchana. Akasema, mchana ulikuwa huna sababu ya kudanganya."

Nilitaka kumpiga. Mkono niliuinua kabisa, mtu mzima yule mwenye ndevu, na yeye akainamisha kichwa ili nimpige vizuri. Nikaushusha, nikaingia ndani, nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Na hapo, Mungu anisamehe, lile wazo likaniingia na mimi. Nilijiuliza ufunguo ulikuwa wapi. Mimi niliyemzaa, niliyejua kwamba huyu mtoto hajawahi kunidanganya hata sukari aliyoiramba, nilikaa pale nasikia maneno yale kwa sauti yake, na nikajiuliza.

Asubuhi Mzee Lindo alikuja. Alikuwa amevaa shati jeupe na kofia ameishika mkononi. Wakili alimwona akanibana bega kwa furaha. Akafurahi zaidi alipoona watu, maana chumba cha mahakama kilijaa mpaka kwenye madirisha. Kinyozi alikuwepo, mama muuza mkaa alikuwepo, wa kiwandani walikuwepo. Wakili akaninong'oneza, "Vizuri sana mama, umeleta mtaa mzima." Sikuwa na nguvu ya kumweleza wamefuata nini. Walikaa wakibanana na kuonyeshana kizimba kwa kidole, kama watu waliokuja kuona sehemu ya pili.

Binti yangu aliingizwa, amekonda, nywele amezisuka mwenyewe vibaya. Akageuka akauona umati ule. Nilimwona akivuta pumzi. Akatafuta macho ya kaka yake, akamwinulia kichwa kidogo, kumshukuru.

Wakili alimwuliza Mzee Lindo, naye akajibu vizuri. Ndiyo, alikuwepo. Ndiyo, alimwona akijifunga. Ndiyo, alimpa maji. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama, kijana mtaratibu asiye na haraka.

"Mzee, uliondoka getini wakati wowote?"

Angeweza kusema hapana. Nilimwomba kwa macho aseme hapana.

"Niliondoka."

"Kwa muda gani?"

"Wa kwenda na kurudi."

"Katika muda huo, mshtakiwa angeweza kujifungua, kwenda chumba cha pampu, na kurudi kujifunga?"

Mzee Lindo aliizungusha kofia mikononi. Alimtazama binti yangu, naye akamtazama bila hofu, kama mtu anayengoja kupewa kitu chake. Feni ilikuwa ikikwaruza juu. Karani aliinua kalamu. Hakimu alimwacha afikiri, na kimya kikawa kirefu, na umati ukaanza kujisogeza kwenye viti, na kando yangu nikahisi Redio anajiweka sawa kama aliyeshika kipaza sauti. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anataka kumsemea. Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikamshikilia hivyo, nikahisi maneno yanagonga mkono wangu.

"Sijui," Mzee Lindo akasema. "Juzi ningesema hapana. Leo sijui."

Mwendesha mashtaka alishukuru akaketi. Wakili alibaki ameinamia makaratasi yake bila kuyafunua. Nyuma yangu kinyozi alimwambia mwenzake, wala si kwa ubaya, "Si Redio alishasema." Binti yangu alilisikia jina. Akatabasamu, kwa kudhani kaka yake anasifiwa.

Siku ya hukumu ilitajwa. Walipomtoa, askari mmoja mwenye huruma alimsimamisha kwenye korido, akatupa nafasi ya maneno mawili matatu. Binti yangu hakuuliza habari za mzee. Alikuwa amesimama na pingu zake, uso una mwanga ambao sikuuona tangu akamatwe.

"Wamekuja wote," akasema. "Kwa hiyo mliionyesha."

"Tuliionyesha," nikasema.

Akamgeukia kaka yake. "Sikiliza nikwambie. Ulinyamaza kama nilivyokuomba?"

Redio alifungua mdomo. Nilingoja. Alifungua tena, akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae, mwanangu akakosa la kusema.

Dada yake akacheka kidogo. "Mama, basi nieleze wewe. Watu walisemaje? Waliondoka?"

Askari alishaanza kumvuta mkono. Nikamwangalia mwanangu, nikamwangalia binti yangu.

"Hapana," nikamwambia. "Walikaa mpaka mwisho."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeshikiwa kikombe cha maji.

"Si nilikwambia," akamwambia kaka yake huku akiondolewa. "Ukinyamaza, wanaelewa."